Dakika Nne za Malampaka

Kwa miaka thelathini, mtu wa Bariadi aliyetaka kazi, shule au pasipoti alipitisha uso wake kwanza mbele ya Bujiku Mabula. Bujiku alimkalisha kwenye stuli, akamnyoosha kola, akamwambia afumbe mdomo na asicheke. Nyuma ya stuli alisimama mkewe, Nyanjige, ameinua kitambaa cha bluu kwa mikono miwili. Ukuta wa studio ulikuwa na nyufa, na kitambaa kikitundikwa kwa misumari kilikunjamana. Kikishikwa na Nyanjige kilinyooka kama maji ya ndoo. Kwa hiyo katika maelfu ya picha zile ndogo Nyanjige alikuwemo, nyuma ya bluu. Wakati mwingine vidole vyake vilionekana juu pembeni, na Bujiku alivikata kwa mkasi kabla ya kumkabidhi mteja picha zake.

Hizo zilikuwa picha za kula. Picha zake mwenyewe alizipiga usiku, stesheni.

Alizaliwa Malampaka, kwenye nyumba za reli. Baba yake, mzee Mabula, alikuwa mtu wa taa: jua likizama alibeba galoni la mafuta, akapanda ngazi za chuma na kuwasha taa za ishara moja baada ya nyingine, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri treni. Bujiku alikua akimtazama mtu huyo aliyejua kukaa. Alipokuwa mkubwa na ana studio yake, alinunua Mwanza kamera nzito ya mkanda kutoka kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka, kamera isiyohitaji hata betri, akaanza kwenda nayo Malya, Bukwimba, Seke na Malampaka. Aliisimamisha kwa miguu yake mitatu, akalifungua jicho lake, akaliacha wazi dakika nne, dakika kumi, wakati mwingine ishirini, huku anahesabu kimoyomoyo. Mkanda ulikunywa mwanga kidogo kidogo. Kilichotulia kiliingia: benchi, saa ya ukutani, nguzo, mwezi uliojichora mstari. Kilichopita hakikuingia. Mtu aliyevuka na gunia kichwani hakuacha hata kivuli.

Picha kumi na mbili za namna hiyo zilitundikwa studio, nyeusi na nyeupe, na wateja waliokuwa wakisubiri zamu walizitazama kwa mashaka.

"Hii stesheni walikufa wote?" aliuliza siku moja mama mmoja wa Mwanhuzi aliyekuja kupiga picha ya bima.

"Walikuwepo, mama. Walijaa kweli siku hiyo."

"Sasa wako wapi?"

"Hawakutulia."

Mama yule alimgeukia Nyanjige, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huyu bwana wako umempeleka kwa mganga?"

"Nimempeleka mara tatu," alisema Nyanjige kutoka nyuma ya bluu. "Mganga mwenyewe akapigwa picha, hakutoka."

Studio nzima ilicheka, na Bujiku alilazimika kungoja mama yule afumbe mdomo.

Baadaye mikanda ikaacha kuja. Ng'ambo ya barabara binti mmoja, Winnie, alifungua stationery yenye kompyuta na mashine ya kutolea picha dakika tano, ukuta wake mpya umepakwa rangi ya bluu moja kwa moja. Wateja wakavuka barabara. Bujiku alibakiwa na wazee waliomzoea, na mkanda mmoja wa picha kumi na mbili uliokwisha muda wake, aliouhifadhi kwenye friji la Hanif, mwenye duka jirani, chini ya chupa za soda.

"Wateja wananiuliza hiyo ni chanjo ya mifugo," Hanif alimwambia. "Nawajibu ndiyo, ya ng'ombe wa Bujiku. Msukuma pekee Bariadi mwenye dawa na hana hata ndama."

"Usogeze mbali na barafu."

"Nimeusogeza. Umekaa karibu na mtindi. Ukiupiga, picha itatoka nzito."

*

Jambo moja halikuchekesha nyumbani kwao. Bujiku na Nyanjige hawakupata mtoto. Mwaka wa nane wa ndoa mzee Mabula alimwita mwanawe Malampaka, akamwambia aongeze mke. Ng'ombe wapo, alisema, na binti yupo Seke, wa watu wema. Bujiku alikataa. Mzee hakugomba wala hakutukana. Aliacha tu kumwitikia Nyanjige.

Kwao, mkwe wa kike humsalimia baba mkwe kwa kupiga goti, hatua kadhaa kutoka alipokaa, macho chini, na hainuki mpaka aitikiwe. Nyanjige alipofika Malampaka alipiga goti ukingoni mwa uwanja. "Mwadila, baba," alisema, salamu ya jioni. Mzee alitazama kuku. Nyanjige alibaki pale muda ule ambao jibu lingechukua, akainuka, akapangusa vumbi gotini, akaingia jikoni kumpikia. Sikukuu, misiba, mavuno, ilikuwa hivyohivyo. Ikapita miaka ishirini na miwili.

"Acha kumsalimia," Bujiku alimwambia mara nyingi.

"Nikiacha, asiye na adabu nitakuwa mimi. Sasa hivi ni yeye."

"Atakufa hajakuitikia."

"Basi atakufa nimemsalimia."

Bujiku alikuwa mtoto wa baba yake katika hili: hasira yake haikuwa na sauti. Ilikaa. Alipeleka dawa na sukari Malampaka kila mwezi, akakaa na mzee mbele ya nyumba, wakazungumza mvua na pamba, na jina la Nyanjige halikutajwa. Kila alipopanda basi kurudi alijiambia kuwa safari ijayo atasema. Hakusema.

*

Mwaka ule wa uvimbe, Nyanjige alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Uvimbe ulianza tumboni kama ngumi ya mtoto, ukakua, naye akapungua. Kitenge alichokuwa anakizungusha mara moja sasa kilizunguka mara mbili. Hospitalini walimwandikia kwenda Mwanza kupasuliwa, wakampa tarehe, Jumatatu ya wiki mbili mbele. Daktari alisema maneno mengi kwa Bujiku pembeni, na Bujiku alimwambia mkewe machache.

Jioni moja Nyanjige alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, kwa kuwa kusimama kulimchosha.

"Bujiku. Mimi nina picha?"

Bujiku alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kutafuta. Picha ya ndoa ililiwa na mchwa mwaka ambao sanduku lilikaa chini. Simu ya mkewe ilikuwa kitochi. Mdogo wake Nyanjige, Kabula, aliwahi kumpiga picha kwa simu yake kubwa siku ya ubatizo fulani, na simu hiyo ikaibiwa Lamadi sokoni. Kulikuwa na kitambulisho cha taifa, uso wa ukubwa wa kidole gumba, wa kijivu, macho yamekodolewa kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kaa hapohapo," alisema Bujiku, na tayari alikuwa anainua kamera ndogo. "Nakupiga sasa hivi."

"Na bluu atashika nani?"

Bujiku aliishusha kamera.

"Sitaki ya bluu," alisema Nyanjige. "Nimekaa nyuma yake vya kutosha. Nitie kwenye zile zako za usiku. Unapiga benchi, unapiga nguzo. Nipige na mimi."

"Kule anayesogea hatoki. Ni dakika nne, Nyanjige. Kwa mkanda uliochoka vile, pungufu ya hapo ni giza."

"Nimeshika kitambaa mikono juu miaka thelathini. Umewahi kuniona nimetikisika?"

Hakuwahi.

"Malampaka," alisema Nyanjige. "Treni ikiwa imesimama nyuma yangu, na taa zake. Nataka watu waseme huyu mama alikuwa anasafiri."

Hivyo ndivyo mkanda wa mwisho ulivyotoka kwenye friji la Hanif. Hanif aliufuta maji kwa kanzu yake mwenyewe, akauliza anapigwa nani, na alipoambiwa hakutania tena. Alimtuma Bujiku ampelekee mgonjwa chupa mbili za soda ya machungwa.

*

Walipanda basi la Maswa siku mbili kabla ya safari ya Mwanza, wakafika Malampaka alasiri. Upande wa pili wa stesheni ya zamani lilipanda tuta jeupe la reli mpya, na malori yaliyolijenga yalikuwa yamelala. Nyanjige alivaa gauni lake la zambarau na kilemba. Alikuwa amejipaka mafuta, na mifupa ya uso wake ilishika mwanga vizuri kuliko zamani. Bujiku aliliona hilo kama mpiga picha, akajichukia kidogo.

Mzee Mabula alikuwepo, naye Bujiku alijua atakuwepo. Kila siku ya treni ya abiria mzee alivaa koti lake la kazi lililopauka, akaja kukaa kwenye benchi lilelile, ingawa taa za mafuta zilikwisha kung'olewa na hakuna aliyemwajiri kungoja. Alikuwa na miaka themanini na minne. Nyanjige alipomwona alipiga goti pale pale kwenye kokoto.

"Mwadila, baba."

Mzee alitazama reli. Nyanjige alingoja muda wake, akashika nguzo, akainuka.

Treni ilichelewa kwa saa tatu, mpaka giza likaingia. Walikula mihogo ya kuchoma. Bujiku alisimamisha kamera, akapima, akamwonyesha mkewe pa kusimama: hatua nne kutoka benchi, chini ya taa ya stesheni. Alifikiri kumwomba baba yake ahame benchi, atoke kwenye picha. Lakini kumwomba kungekuwa kuzungumza naye juu ya Nyanjige, na alikuwa hajaweza hilo kwa miaka ishirini na miwili. Akamwacha. Mzee mmoja kwenye benchi haharibu kitu, alijiambia.

Treni ikaingia inalia. Madirisha yakasimama nyuma ya Nyanjige, ya manjano, yamejaa vichwa. Wauza karanga wakakimbia kando yake.

"Nitazame mimi," alisema Bujiku. "Usipepese sana. Pumua taratibu." Akalifungua jicho la kamera, akaanza kuhesabu mpaka mia mbili na arobaini.

Nyanjige alitulia. Hata Bujiku, aliyemjua, alishangaa. Watu walipita mbele yake na nyuma yake, mtoto alimgusa gauni, mtu akamwomba radhi kwa kumkanyaga, naye alisimama kama kwamba mwili wake hauna uvimbe wala uchovu, macho yake kwa mumewe. Arobaini. Hamsini. Sitini. Bujiku alijua, kwa namna ambavyo mikono yake ilijua, kuwa hii ndiyo picha ya maisha yake.

Alipofika sabini na tatu, mzee alikohoa.

"Mwadila, ng'wana Limbu."

Alisema hivyo, mtoto wa Limbu. Alimwita kwa jina la baba yake, kama mtu anayemjua. Na alianza yeye, mkubwa, kumsalimia mdogo.

Nyanjige hakusogea. Sabini na tano, sabini na sita. Labda hakusikia, Bujiku aliwaza, treni ina kelele. Kisha akaona kidevu cha mkewe kinatetemeka.

"Tulia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usisogee. Nyanjige, bado."

Mzee hakujua habari za kamera, au alijua na hakuzijali. "Mwadila, mayu," alirudia.

Nyanjige alimtazama mumewe mara moja zaidi. Ni mtazamo ambao Bujiku ataukumbuka kuliko picha zote alizopiga, na haumo katika hata moja. Kisha akageuka, akapiga goti, akainamisha kichwa.

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu, baba," alijibu Nyanjige. Salama tu, baba, naye kiuno chake kimefungwa kitenge juu ya uvimbe.

Mia moja na tatu. Mia moja na nne. Bujiku aliendelea kuhesabu kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Nasikia wanakupeleka Mwanza," alisema mzee.

"Jumatatu, baba."

"Watakupasua?"

"Wamesema hivyo."

"Unaogopa?"

"Kidogo."

"Mimi walinipasua henia nina miaka arobaini. Wiki ya tatu nikapanda ngazi na galoni. Kula ugali kabla hujaingia. Wale wakishakushika ni uji tu, uji tu, mpaka unasahau una meno."

Nyanjige alicheka. Mabega yake yalicheka, kichwa kikainuka kikainama, akapiga makofi mepesi ya heshima kama walivyofundishwa wasichana wa zamani. Mzee hakutikisika. Mikono juu ya magoti, mgongo kwenye benchi, alikaa kama alivyokaa miaka arobaini ya kungoja treni. Bujiku alipofika mia mbili na arobaini alilifunga jicho la kamera. Treni ilipiga honi, ikaanza kuvuta.

Nyanjige alishindwa kuinuka peke yake. Baba mkwe hawezi kumgusa mkwe wake, kwa hiyo mzee alinyoosha tu mkono hewani, kama mtu anayemsaidia kwa mbali, na Bujiku ndiye aliyemwinua.

"Mlale nyumbani," alisema mzee. "Kuna kuku."

"Tumelipia gesti," alisema Bujiku. Walikuwa hawajalipia popote.

"Bujiku," alisema Nyanjige taratibu.

"Tumelipia."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akakusanya fimbo yake na kuondoka. Stesheni ikabaki na taa yake, benchi, na wao wawili. Nyanjige alijishikilia kwenye nguzo na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Piga nyingine," alisema. "Sasa nitatulia mpaka uniambie basi. Taa si ipo?"

"Treni imeondoka."

"Si lazima treni. Una picha kumi na moja humo ndani."

Bujiku alikuwa tayari anakunja miguu ya kamera. "Miaka ishirini na miwili umemsubiri," alisema. "Dakika mbili na nusu zaidi zingekuua?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Nyanjige alilisikia, akaliacha lipite.

"Amenisalimia, Bujiku. Ameanza yeye."

Alikuwa anangoja mumewe aseme kitu. Alingoja muda ule ule, ule aliouzoea, wa mtu anayengoja kuitikiwa. Bujiku alifunga kamba za begi moja moja. Usiku huo kwenye gesti walilala migongo ikitazamana, na asubuhi kwenye basi Nyanjige alimweleza abiria wa kiti cha pili, mtu asiyemjua kabisa, jinsi baba mkwe wake alivyopasuliwa henia.

*

Alikufa Mwanza siku ya kumi na moja baada ya kupasuliwa. Bujiku alikuwa amekwenda kununua uji.

Mkanda ulikuwa bado ndani ya kamera. Hakuusafisha alipotoka Malampaka kwa sababu ya hasira, na baadaye kwa sababu ya hospitali. Sasa maiti iko njiani, na Kabula amekaa kwenye mkeka kati ya waombolezaji, macho yamevimba, na mambo yote ya msiba yako juu yake.

"Shemeji, picha," alisema. "Fundi wa jeneza anataka ya kuweka mbele. Tumpe ipi?"

"Ninayo," alisema Bujiku. "Nipe usiku huu."

Alijifungia kwenye chumba cha giza nyuma ya studio na dawa zake za mwisho. Aliusafisha mkanda huku akipima muda kwa saa ya mkononi, akautundika, akawasha taa. Alianza kuutazama kutoka mwisho. Fremu ya kumi na mbili ilikuwa tupu, angavu kama kioo cha dirisha. Ya kumi na moja tupu. Ya kumi. Alishuka hivyo, fremu kumi na moja, kila moja mahali ambapo mke wake angekuwa amesimama, hadi akafika ya kwanza.

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Madirisha ya treni yalikaa safi kwenye mstari. Benchi lilihesabika mbao zake. Katikati, mzee Mabula alikuwa ametoka wazi kiasi kwamba vifungo vya koti lake vilionekana, na kimoja kilichokosekana kilionekana kuwa kimekosekana. Hatua nne kutoka kwake, chini ya taa, kulikuwa na mstari wima wa ukungu usio na uso, na kando yake, chini, wingu la pili dogo, mahali ambapo mtu aliinama, akacheka, akapiga makofi. Madirisha ya treni yalionekana kupitia kwake.

Alitoka nje alfajiri na mikono mitupu. Kisha akarudi ndani akafungua droo za picha ambazo wateja hawakuzichukua, za miaka na miaka, ambazo hazijapitiwa na mkasi. Alipata walimu, makarani, vijana waliotaka jeshi, na juu pembeni mwa wengine, vidole. Alipata vidole vinane. Alivipanga mezani. Hakuna jeneza linalowekewa vidole.

Asubuhi alivuka barabara kwenda kwa Winnie na kitambulisho cha taifa mfukoni. Winnie alikipokea kwa mikono miwili. Alikitia kwenye mashine, akakikuza, akahangaika nacho nusu saa.

"Nimejitahidi macho, baba," alisema. "Yamegoma kidogo. Nimemwekea bluu nyuma, kama zenu za zamani."

Hakutaka malipo. Bujiku alitamani angetaka.

Hivyo mke wa mpiga picha wa Bariadi alizikwa nyuma ya uso wa kitambulisho, wa kijivu, umekodoa, wenye vitone vikubwa kama vya gazeti. Watu walipanga foleni kuaga. Bujiku alisimama kando ya jeneza na masikio yake yalikuwa mazima.

"Kweli hana nyingine?" alinong'ona mwanamke mmoja.

"Mimi amenipiga mara nne," alisema mwenzake.

*

Mzee Mabula alikaa siku zote za msiba kwenye kiti cha plastiki pembeni, akarudi Malampaka. Baada ya arobaini alikuja peke yake kwa basi, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa miaka kumi. Alisimama mlangoni mwa studio.

"Ile ya stesheni," alisema. "Nilikuona na kamera. Ilitoka?"

Bujiku aliichukua kutoka nyuma ya kabati, akamwekea mezani. Mzee aliileta karibu na jicho lake zuri.

"Yuko wapi?"

"Hapo, mbele yako."

"Naona moshi."

"Ndiye."

Mzee alipitisha ukucha juu ya karatasi, kutoka kwenye koti lake hadi kwenye ukungu. "Mimi nimetoka," alisema, kama mtu aliyekamatwa.

"Umetoka vizuri, baba. Hukutikisika hata kidogo."

Nje Hanif alikuwa anabishana na kijana wa bodaboda. Mzee alingoja wamalize.

"Sikujua ni mambo ya kutulia," alisema. "Nilimwona amekonda. Nikasema kesho kutwa hayupo. Nikasema nimsalimie." Akaishika picha kwa pembe. "Nipe nikae nayo. Sina kitu chake kingine."

"Hata mimi sina," alisema Bujiku, akaivuta.

Mzee aliinuka kwa fimbo yake. Alipofika mlangoni aligeuka, akamuaga mwanawe kwa salamu ya jioni, polepole, kwa jina lake. Bujiku alikuwa anapanga droo. Mzee alibaki amesimama muda ule ambao jibu lingechukua. Kisha zikasikika hatua zake barazani, na fimbo.

Usiku ule Bujiku alirudi chumba cha giza. Zamani, kabla ya kompyuta, alikuwa hodari wa kufuta vitu kwa ncha ya wembe juu ya negativu: kovu, kipele, mume aliyeachwa. Aliiweka ile ya Malampaka juu ya kioo chenye taa, akavaa miwani, akauweka wembe kwenye kifungo cha kwanza cha koti la baba yake. Angemwondoa kabisa, benchi libaki tupu, na picha iwe ya Nyanjige peke yake.

Alikwangua kifungo kimoja. Akainuka kidogo, akatazama kwa mbali, akaziba sehemu ya mzee kwa kidole.

Bila mzee, ukungu ule ulikuwa doa la dawa. Ulikuwa kosa la kusafisha, maji yaliyokauka vibaya. Hakuna mtu angejua kuwa pale palikuwa na goti. Aliondoa kidole, na mzee aliporudi kwenye benchi lake, yule aliyemwinamia naye akarudi. Alirudia mara kadhaa, kidole juu, kidole chini. Akaufunga wembe kwenye karatasi yake.

Kabla dawa hazijakwisha alichapa nakala moja zaidi. Asubuhi aliitia kwenye bahasha ngumu, akaandika juu yake Mzee Mabula, Stesheni, Malampaka, akampa kondakta wa basi la Maswa. Kondakta aliipokea, akaipima uzito.

"Nimwambie nini mzee?"

"Mpe tu."

Ndani ya bahasha hakuwa ameandika salamu.